Katiba Niliyowaandikia Wanawake wa Jembe

Niliajiriwa kuwa Bibi Maendeleo pale Korogwe miaka michache baada ya Uhuru, na kwa muda wote nilioshika kazi hiyo sikuona kitu hata kimoja kilichoendelea kwa sababu yangu, isipokuwa mshahara wangu na urefu wa visigino vya viatu vyangu. Nayasema haya mapema ili msomaji asije akadhani nawasema watu kwa wivu. Wote nitakaowasema hapa nilikula nao sahani moja.

Mkubwa wetu wa ofisi alikuwa amepelekwa kozi Ulaya, akakaa huko miezi kadhaa, akarudi na mkoba wa ngozi na neno moja. Neno lenyewe lilikuwa "muundo". Chai ikichelewa, ofisi haina muundo. Dereva akilewa, idara haina muundo. Vikundi vyote vya wananchi, kuanzia tambarare za Handeni mpaka milimani Vugiri, viwe vya ngoma, vya kuzikana au vya kulimiana, kwake vilikuwa fujo tupu iliyokuwa ikimngoja yeye aje aipange. Alikuwa na chati ya kitambaa yenye visanduku na mishale, ameikunja kama mkeka, na popote tulipokwenda ilitundikwa kwanza kabla hata hatujaulizwa habari za safari. Mtu mzima mwenye watoto sita, anaamini kwamba binadamu hawawezi kusaidiana mpaka wachorewe mshale!

Nyuma yake lilikuwako shirika la hisani kutoka ng'ambo, na mjumbe wake kwetu alikuwa mama mmoja mrefu mwenye huruma nyingi mno. Huruma yake ilichosha. Alikuja kusaidia sanaa za wananchi na maendeleo ya akina mama, na kila jioni aliandika kwenye kijitabu chake mambo aliyoyaona, mengi yake hakuyaona. Akiletewa kiti alikataa, akakaa chini kwenye vumbi ili awe sawa na wenyeji, wakati kiti chenyewe wenyeji walikuwa wamekwenda kukiazima kwa mwalimu wa madrasa, nyumba ya tano kutoka pale, wakakipangusa kwa khanga zao. Hakujua kwamba amewatukana. Sisi tulijua, tukanyamaza na kutabasamu, maana petroli ya Land Rover ilikuwa yake.

Sharti lake lilikuwa moja. Angetoa vitambaa vya sare, vyerehani na ngoma mpya kwa kikundi chochote chenye katiba, viongozi na daftari la wanachama. Mkubwa alipotuuliza ni nani anajua kikundi kizuri cha kuanzia, mimi nilinyoosha mkono kabla hajamaliza kuuliza. Nikasema kipo kimoja Handeni, ndani kidogo ya Mkata, na mama yangu mzazi yumo. Nilitamka hilo la mama kwa sauti. Nilitaka yule mgeni ajue kwamba mimi si wa kufundishwa mambo ya wananchi, nimetoka humo humo.

Kusema kweli hakikuwa kikundi. Hata jina hakikuwa nalo. Walikuwa wanawake ishirini na kitu wa kijiji chetu, wakulima wa mahindi na mihogo, waliokuwa wakilimiana mashamba kabla ya masika. Walikuwa na ngoma moja ndogo, na bibi mmoja jirani yetu ndiye aliyeipiga kando ya shamba wenzake wakiinama na kuinuka na majembe. Ngoma hiyo haikuwa na kwake. Wakimaliza shamba la huyu, ilikwenda kulala nyumbani kwa yule atakayelimiwa kesho, na asubuhi watu waliangalia tu imetundikwa mlangoni kwa nani, wakaelekea huko. Hapakuwa na tangazo wala mkutano. Na wa kuanza kulimiwa alijulikana: anaanza aliye hoi kuliko wote mwaka huo. Aliyejifungua juzi, aliyefiwa na mume, aliyetoka kuugua. Wenye nguvu zao walingoja mwisho, na mvua ikiwahi kunyesha, hasara ilikuwa yao.

Mama yangu alikuwa wa kwanza miaka mitatu mfululizo. Alikuwa ameanguka kutoka uchagani akishusha mahindi, nyonga ikaunga vibaya, na baba alikwisha kufariki zamani. Kuinama na jembe hakuweza tena. Lakini alikwenda kwenye kila shamba akijikongoja na fimbo yake, akakaa kivulini kumenya mihogo, na kutoka pale pale alipokaa ndiye aliyeanzisha nyimbo. Alikuwa na sauti kavu, kubwa, na mdomo usio na breki. Nyimbo zake za kuwasema wanaume wavivu ziliwafanya wenzake walime mpaka wasahau njaa. Shamba lake la eka moja na nusu ndilo lililomlisha mwaka mzima. Mimi sikumlisha. Mimi nilikuwa nanunua viatu.

Basi tukaenda. Ilikuwa mwezi wa kwanza, jua la Handeni linachoma mpaka mbwa wanatafuta kivuli cha watu. Semina ilikuwa ya siku tatu, katika darasa la shule, na wanawake wazima waliketishwa kwenye madawati ya watoto, magoti yamefika kidevuni. Mkubwa alitundika chati yake. Alieleza muundo kwa muda wa saa nzima, akitembea huku na huko, mikono nyuma. Kisha akageuka akauliza, "Sasa akina mama, kiongozi wenu ni nani?"

Wakatazamana. Bibi mpiga ngoma ndiye aliyejibu.

"Hatuna, baba. Sisi mwaka huu tutaanzia kwa mama yake huyu," akaninyooshea kidole.

Mkubwa hakusikia "hatuna". Alikwisha kuniuliza jina la mama na kuliandika kwa chaki kwenye kisanduku cha juu kabisa alichokichora ubaoni, akamwomba kiongozi asimame wageni wamwone. Mama akasimama. Ilimchukua muda, alishika dawati, akashika fimbo, akashika bega la jirani. Mkubwa akamwuliza yeye katika kikundi anafanya kazi gani hasa.

"Mimi?" mama akasema. "Mimi silimi, baba. Mimi nalimiwa."

Darasa zima likacheka, na mama akacheka kuliko wote. Mkubwa naye akacheka, lakini chake kilikuwa kicheko cha mtu aliyemkamata mwizi. Akamtafsiria yule mgeni, naye akatikisa kichwa kwa huzuni akaandika kitu. Kisha mkubwa akachukua kitambaa akalifuta jina. Mahali pake aliandikwa mwanamke mwenye mabega mapana kuliko wenzake wote, ambaye hakuomba wala hakuelewa kwa nini. Mimi nilikuwa nimesimama kando ya ubao na chaki mkononi. Nilicheka pamoja nao, na niliona haya kidogo kwa jinsi mama alivyojibu mbele ya wageni.

Katiba niliiandika mimi siku ya pili, katika ofisi ya mwalimu mkuu. Vifungu vingi vilikuwa vya mkubwa: mwenyekiti, katibu, mhazini, mihuri, mali yote ya kikundi itunzwe chini ya kufuli katika ghala la kijiji. Lakini kifungu cha nne kilikuwa changu peke yangu, na nilikitungia kwa raha. Siku zile kila redio, kila mkutano, kila ukuta ulikuwa ukiwasema kupe na wanyonyaji wanaoishi kwa jasho la wenzao. Nikaona hapa ndipo pa kuonyesha kwamba nimesoma siasa. Nikaandika kwamba mwanachama ni yule afanyaye kazi kwa nguvu zake mwenyewe, na kwamba asiyehudhuria kazi au mazoezi mara tatu mfululizo atahesabiwa kuwa amejitoa, na jina lake litafutwa daftarini. Mkubwa alikisoma mara mbili, akanipigapiga begani. "Wewe utafika mbali," akasema. Nilivimba kichwa mpaka nikakosa usingizi.

Siku ya tatu nikasimama kuwasomea. Niliisoma katiba kwa sauti ya watangazaji wa redio, kila neno limepigwa pasi. Mama alikuwa amekaa dawati la mbele, mguu wake mbovu ameunyoosha mpaka karibu uguse viatu vyangu. Nilipomaliza kifungu cha nne, bibi mpiga ngoma akainua mkono kama tulivyomfundisha.

"Na asiye na nguvu, je?"

Nikamjibu bila hata kufikiri. "Huyo ataangaliwa, bibi."

Nani atamwangalia, sikusema, maana nilikuwa sijui. Nilikwisha kuanza kusoma kifungu cha tano. Mama aliniangalia usoni kwa muda mrefu, kisha akatazama chini, akaanza kukunja pindo la khanga yake. Mwisho wote walipiga makofi, na mama alipiga makofi pia.

Tukarudi Korogwe tukiimba garini. Wiki iliyofuata vitambaa vilipelekwa, ngoma mpya tatu zikapelekwa, na ile ndogo ya zamani ikafungiwa ghalani pamoja nazo, kwa mujibu wa katiba, ufunguo anao karani wa kijiji. Ikawa hailali tena kwa mtu. Kikundi kilipewa shamba la pamoja kando ya barabara, mahali ambapo mgeni anaweza kuliona bila kushuka kwenye gari, na mazoezi ya ngoma yakawekwa siku tatu kwa wiki ili wawe tayari kwenda Tanga kwenye Sabasaba. Siku hizo tatu ndizo zilizokuwa siku zao za kulimiana.

Mimi sikujua. Ningejua vipi? Nilikuwa nimekuwa mtu muhimu. Mkubwa alinichukua kila alikokwenda nikaisome ile katiba kwa sauti yangu ya redio. Mkumbara walitusikiliza huku wakiuza ndizi kwa abiria wa gari moshi dirishani, wakaikubali bila kuuliza, na nina hakika kesho yake waliifungia sukari. Vugiri wanawake wa mlimani walitupa chai ya maziwa na viazi, wakasema kwa adabu sana kwamba watafikiri, na nadhani mpaka leo bado wanafikiri. Wale ndio watu pekee wenye akili niliokutana nao mwaka ule, na mimi katika ripoti niliwaita wagumu wa kubadilika.

Sabasaba tulikwenda Tanga. Wanawake wa kijiji chetu walicheza wamejipanga mistari miwili iliyonyooka kama askari, sare za kijani na njano, wakiimba wimbo wa kusifu kilimo cha pamoja uliotungwa na karani. Wimbo ulikuwa hovyo. Ulikuwa na majina ya viongozi tisa na hauna hata utani mmoja. Mgeni wetu alitokwa na machozi. Mkubwa alipigwa picha nao, akiwa katikati, na hazikupita wiki mbili akapandishwa cheo kwenda Dar es Salaam kufundisha wengine muundo. Mimi nilimtafuta mama katika mistari ile nikamkosa, nikamwuliza mwenyekiti mwenye mabega. "Yupo nyumbani, hajambo," akasema, na akaniangalia namna ya mtu aliyeulizwa swali la ajabu. Nikasema moyoni ni mguu tu, safari ndefu. Nikaenda kunywa soda na wakubwa.

Nilifika kijijini mwezi wa nane, nimewaleta wageni wengine waje waone mfano. Shamba la kando ya barabara lilikuwa zuri. Waliliangalia dirishani wakasema ni zuri. Nikawaacha wanakunywa madafu shuleni, nikapita njia ya mkato kwenda nyumbani. Kabla ya kufika nyumba, unapita shambani kwa mama. Nilikuta nyasi. Hata bua moja la mahindi halikuwako, hata mabaki ya bua. Nyasi zimekauka zinanifika kiunoni, na katikati yake kichuguu kimeanza kuota. Mashamba ya jirani nayo yalikuwa na mavuno haba ya kulimwa na mtu mmoja peke yake, hata la mwenyekiti mwenyewe. Lakini la mama halikuguswa jembe mwaka mzima.

Nilimkuta bibi mpiga ngoma uani kwake anaanika mboga ya mshunga. Nikamsalimu shikamoo kwa haraka, akaniitikia taratibu, akaniuliza habari za wageni wangu.

"Bibi, mbona mama hamkumlimia?"

"Si alifutwa."

"Kafutwa na nani?"

"Karani katusomea. Mara tatu hakutokea mazoezini. Angetokea vipi, na ule mguu? Kifungu cha nne."

"Na ninyi mkakubali tu? Mama yangu! Miaka mitatu mmemlimia, leo karani anasoma karatasi mnamwacha afe njaa?"

Bibi akaweka chini ungo. Alinitazama kama mtu anayejaribu kujua kama mtoto ana homa au ana utundu.

"Wewe mwanetu, usinipigie kelele uani kwangu. Karatasi si ya karani, ni yako. Uliisoma wewe, mama yako kakaa mbele yako namna hii. Mimi nikakuuliza, asiye na nguvu, je? Ukasema ataangaliwa. Tukarudi hapa tukazungumza, tukasema basi, huyu ana mpango wake, anamchukua mama yake Korogwe. Mtoto gani atamwandikia mama yake maneno yale kama hana mpango? Tungekwenda na majembe pale tungekuwa tunakutukana. Watu wangesema fulani ana mtoto mwenye mshahara, na bado analimiwa na masikini wenzake."

Nilikuwa na cheti cha Maendeleo ya Jamii, nilikuwa na sauti ya redio, na nikainama nikamwokotea bibi ungo wake. Nilitamani yule mkubwa angekuwa pale na chati yake aonyeshe mshale unaokwenda nyumbani kwa mama yangu. Lakini yeye alikuwa Dar es Salaam, na hata angekuwapo, kile kifungu hakikuwa chake.

Mama nilimkuta amekaa mlangoni, anamenya mihogo ya watu. Kapu lilikuwa la mke wa karani. Akimenya makapu mawili anapewa ya kupikia bada, ule ugali wa muhogo, jioni. Alikuwa amekonda mpaka shingo yake imekuwa na mishipa kama ya kuku. Aliponiona aliweka kisu chini akashika fimbo ainuke, nikamzuia.

"Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu. Gari limepata nafasi?"

Sikuelewa. Nikaingia ndani kuweka mkoba wangu, ndipo nikaona. Kitanda kilikuwa hakina shuka. Ukutani hapakuwa na kitu. Nguo zake zote, sufuria, msahafu wa baba na kibatari, vilikuwa vimefungwa katika khanga mbili kubwa kando ya mlango, na vumbi la miezi mingi limelala juu ya mafundo. Bandani hapakuwa na kuku hata mmoja.

"Nilifunga tangu mwezi wa tatu," mama akasema kutoka nje, "siku ile karani aliponisomea. Kuku nimewagawa. Nikasema ukija usinikute bado nahangaika, wenzako wa gari wakakasirika. Halafu nikaona siku zinakwenda. Nikasema ana kazi nyingi, serikali haina mchezo."

"Kwa nini hukuniletea habari, mama?"

"Nikuletee habari ya kukuharakisha? Si ulikwisha kusema nitaangaliwa."

Pale ndipo nilipopata nafasi ya kuwa mtu wa maana mara moja katika maisha yangu. Ningeweza kupiga magoti nikamwambia kwamba sikuwa na mpango wowote, kwamba nilipokuwa nasoma sikuwa nimemkumbuka hata kidogo, kwamba nilikuwa natafuta sifa na yeye alikuwa ni mguu tu ulionyooshwa karibu na viatu vyangu. Badala yake nikatoka nje nikasema, "Ndiyo mama, nimechelewa kidogo. Nyumba ilikuwa haijapatikana." Nikabeba mafundo yote mawili mpaka kwenye Land Rover. Wageni walipoona bibi kizee mlemavu anapandishwa garini na binti yake walinisifu kwa Kiingereza, na mimi nikashukuru.

Nyumba haikuwapo. Tulikaa chumba kimoja cha kupanga pale Korogwe, yeye kitandani na mimi kwenye mkeka, kwa miaka minane mpaka alipofariki. Hakuwa na shamba, hakuwa na mwenzake wa kumwimbia. Alikuwa na majirani, na kila mgeni aliyeingia mle ndani alimweka chini akamsimulia. Alieleza jinsi mwanawe alivyosimama mbele ya Wazungu na wakubwa wa serikali, akamtoa mama yake kwenye jembe kwa maandishi, watu wote wanapiga makofi. "Wenzangu watoto wao huwaletea sukari," alikuwa akisema. "Wangu aliniandikia kifungu." Wanawake waligeuka wakanitazama kwa heshima, na mimi nilikuwa nimekaa pale pale, hatua mbili kutoka kitandani, nawamiminia chai.